Bhangi Iliyonuka Kama Jiko Langu

Watu wangu, leo hapa Kakuma tumechomewa bhangi ambayo si bhangi.

Baraza liliitwa kwa sababu ya lile genge lililomdunga kaka yangu kisu mwezi jana. Mkubwa mmoja wa serikali akaja na magunia, akasema ndiyo mzigo wao walionyang'anywa, na biashara yao imeisha leo.

Akapigwa picha kwanza. Miwani, kidole juu. Ndipo akawasha kiberiti.

Moshi ukatujia.

Jamani, ile ilikuwa mathenge. Majani makavu ya mathenge, ule mti wa miiba, haya tunayofagia nje ya nyumba kila siku.

Watu wakaanza kutazamana. Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikasimama.

"Mkubwa, hii si bhangi."

Akatabasamu. "Kwani wewe bhangi unaijuaje? Unavuta?"

Uwanja mzima ukanicheka. Hata mchungaji wangu.

Nikamwambia, "Bhangi siijui. Mathenge naijua, leo asubuhi nimewashia jiko."

Kicheko kikahama. Mniambie kama nilikosa adabu.

Yeye akasema muda umeisha, akaingia kwa gari, akapandisha kioo.

Sasa jioni nimepita ile kona ya hao vijana wa genge. Wako pale pale, wamekaa wametulia, na harufu niliyoikosa uwanjani nikaipata hapo, imejaa.

Mmoja akanisalimia, kwa heshima kabisa.

"Ejok, dada. Tumesikia leo mmetuchomea mzigo. Pole na moshi."