Mashine ya Kutazamwa

Kwenye maabara ya chuo chetu palikuwa na mashine ya kupima madini yaliyomo ndani ya maji. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama vile vya makochi ya wageni kule kwetu Migosi. Fundi wa maabara alikifunua mara moja kwa muhula. "Mikono nyuma!" alituamuru. Tulisimama darasa zima, mikono mgongoni, yeye akibonyeza, sisi tukinakili namba. Hayo ndiyo yaliyoitwa mazoezi ya vitendo.

Niliuliza kwa nini tusiguse. "Ikiharibika utanunua wewe?" mhadhiri akanijibu. Wenzangu walicheka. Nikauliza tena: sasa ilinunuliwa ya nini? Nilitolewa nje.

Nilihitimu vizuri sana. Kisha nikaitwa usaili katika maabara moja upande wa Kisian, inayopima maji na samaki wa ziwa. Kazi ile niliitaka mno. Nimekula samaki hao maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia wana nini ndani. Maswali ya mdomo niliyajibu yote. Ndipo mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani kichwani, akaniweka mbele ya mashine kama ile ile, akanipa chupa ya maji.

"Haya, nipimie madini ya risasi."

Nikasimama. Yeye akangoja. Kumbe na mimi namngoja yeye abonyeze!

"Nyathina, mwanangu, mbona umesimama kama askari wa gwaride?"

Mikono yangu ilikuwa nyuma.

"Ndivyo tulivyofundishwa," nikasema kwa ukali. "Miaka minne, sijawahi kuigusa."

"Aliyekuja usaili jana alisema hivyo hivyo." Hakucheka.

Kazi sikupata. Aliniambia nije kujifunza, bila mshahara. Nilikasirika: nisome mara mbili kitu kimoja? Lakini nilikwenda.

Asubuhi ya kwanza alisema, "Anza na maji yasiyo na kitu, mashine ijue sufuri ni ipi."

"Kwa nini?"

"Ruka hatua hiyo, uone."

Nikaruka. Namba iliyotokea ilikuwa ya kutisha.

"Ukiituma hiyo, bwana, kesho hakuna atakayenunua samaki kule ufukweni Asembo Bay."

Nilianza upya, na maji yasiyo na kitu kwanza. Nilikuwa nawaza wenye vyeti kama changu waliopata kazi bila kujaribiwa, na namba wanazotuma.