Nilifunika chakula cha mwanangu, mpishi wa shule akapoteza kazi

Wakuu, habari za leo.

Jukwaa hili nimelisoma muda mrefu bila kuandika. Leo naandika. Sitaongeza chumvi, na sitajipendelea, maana sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Majina nimebadilisha. Miji ni yenyewe: Gitega na Muyinga, Burundi.

Kidogo kuhusu sisi. Mimi na mume wangu ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Vita vilipotulia tukarudi nyumbani, ingawa nyumbani kwenyewe tulikuwa tunakusikia tu kwa wazazi.

Kabla ya kurudi, mume wangu alikuwa anapika kwenye zahanati moja ndogo ambako wagonjwa walilishwa vyakula vya mimea tu. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Akala kama wagonjwa wake, akapata nafuu. Mimi nikamfuata. Tukaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, hatukurudi tena. Siku hizi wanaita vegan. Binti yetu Ineza amezaliwa ndani ya chakula hicho.

Msidhani ni vyakula vya gharama. Ni maharage, viazi vitamu, ndizi, mchicha wa lengalenga, karanga za kusaga, uji wa soya. Majirani zetu wengi wanakula hivyo hivyo siku nyingi za wiki, ila wao hawakuchagua.

Shamba la mkwe wangu liko Muyinga, lakini lilikuwa bado na mgogoro, kuna watu walikuwa wanalima. Kwa hiyo tulianzia Gitega, mume wangu akapata kazi ya useremala.

Gitega tulipokelewa na mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa mjini pale, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimwite Mama Zuu. Siku tunashusha mizigo alituletea makaa na ndoo ya maji kabla hata hajatuuliza tumetoka wapi.

Hapa nieleze jambo kwa walio mbali, maana bila hili uzi wote hautaeleweka.

Huku kwetu, mtu akikukaribisha kinywaji, yeye mwenyewe huonja kwanza mbele yako. Ni heshima, lakini maana yake inajulikana: hiki nilichokupa hakina sumu. Watu wakishazoeana, hilo linaachwa lenyewe.

Wiki za kwanza Mama Zuu alikuwa anaonja chai kabla ya kunipa kikombe. Siku moja akanimiminia, akanipa moja kwa moja. Akacheka: "Sasa mi na we ni ndugu. Nikionja kila siku nitakumalizia chai."

Na ilikuwa chai ya rangi. Maziwa aliacha kuweka tangu nilipomwambia mara moja tu.

Ineza alipofika miaka minne tukampeleka shule ya watoto wadogo, huku wanaita maternelle. Nilifurahi sana kukuta mpishi wa pale ni Mama Zuu.

Nilimweleza mwalimu kwamba mtoto hali nyama. Akanijibu kwa utaratibu kabisa: "Mama, hapa nyama hatupiki. Usijali."

Nikaridhika. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Mkiandikisha mtoto, msiseme "hali nyama". Tajeni kitu kimoja kimoja. Kwa watu wengi huku samaki si nyama, na ndagala, vile visamaki vidogo vikavu, wala si samaki. Ni kiungo.

Wiki ya pili Ineza akarudi ananuka ndagala. Akaniambia sombe ya shule, yaani kisamvu, ni tamu kuliko yangu. Nikaelewa: wanatwanga ndagala unga, wanauchanganya kwenye sombe. Na uji wa asubuhi una maziwa.

Wakuu, nilikuwa na njia rahisi mbele yangu. Nyumba ya tatu. Ningetembea hatua chache, nikamwambia mpishi.

Sikwenda. Niliona aibu. Mtu aliyenipa makaa na maji, leo niende kumkosoa mboga yake? Nikaona heri nimalize kimya kimya.

Nikanunua kopo lenye kifuniko. Nikapika, nikafunika, nikafunga na kitambaa, nikaandika jina. Kambini kila familia ilipika posho yake, na sufuria ilifunikwa kwa sababu ya vumbi. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa na akili ya kule.

Kisha nikamwambia Ineza sentensi ambayo mpaka leo naijutia: "Usile kitu cha Mama Zuu. Kula cha mama tu."

Mtoto wa miaka minne hana siri. Aliisema mezani, mbele ya wenzake, neno kwa neno.

Haikupita wiki, watoto wawili zaidi wakaja na makopo yenye vifuniko. Halafu wengine. Mama mmoja akanivuta pembeni getini.

"Mama Ineza, we umeona nini?"

"Sijaona kitu. Sisi hatuli vitu vya wanyama."

"Ego, ego," akaniambia, yaani ndiyo, ndiyo, huku ananipapasa mkono. "Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa. Alidhani nina adabu tu, sitaki kutaja jina la mtia sumu.

Alasiri ile Mama Zuu alikuja kwangu. Nikamkaribisha kwenye mkeka, akabaki mlangoni.

"Mama Ineza, mi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea chochote, dada."

"Basi kwa nini mtoto anasema mama amekataza chakula changu?"

Mimi kwa asili ni mtu wa kueleza. Nikaanza: vidonda vya tumbo, zahanati, mimea, maziwa, ndagala. Aliniacha nikamaliza yote.

"Bon. Hayo ya majani mi nilijua toka zamani. Chai yako si nakupikia mi? Lakini mlango wangu iko pale. Ungekuja kusema, Mama Zuu, mtolee mtoto sombe yake mbele sijaweka ndagala. Ingekuwa kazi ya kijiko kimoja." Akaangalia lile kopo lililokuwa limeanikwa juu ya kichanja. "We ulienda kununua kifuniko."

Nikamwomba msamaha. Akasema haina shida. Ilikuwa na shida.

Mkuu wa shule akaita kikao cha wazazi. Nilisimama nikaeleza kwa upole, kama ninavyowaeleza ninyi hapa. Nikataja vyakula, nikasema Mama Zuu ni mtu safi, nimekula kwake mara nyingi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyotikisa kichwa kwa huruma. Baba mmoja akasema, "Mama, inatosha. Hatukulazimishi kumtaja mtu."

Mama Zuu akaambiwa apumzike kidogo, mpaka maneno yatulie. Hakurudishwa.

Aliendelea kunisalimia. Lakini alinisalimia kwa jina langu lote, kama mtu wa ofisini.

Baadaye mgogoro wa shamba ukaisha, tukahamia Muyinga.

Kule nilifanya inavyotakiwa, na hii ndiyo sehemu ya kuwasaidia wenzangu. Kabla shule haijafunguliwa nilikwenda jikoni, si kwa mwalimu. Nikashinda na mpishi, nikachambua naye maharage, nikala cha sufuria yake mbele ya watu wote. Ndipo nikamwomba amtolee Ineza sehemu yake kabla ya ndagala. Alikubali hapo hapo. Uji wake anatiliwa bila maziwa.

Kwa mama mkwe ilikuwa vita kidogo, maana kumnyima mjukuu maziwa aliona kama kumnyima ukoo. Tumemalizana naye kwa maji ya ndizi, anayompa mjukuu badala ya maziwa.

Na jambo moja msilipuuze: nesi alinieleza kwamba kuna vitamini, B12, ambayo mimea peke yake haimpi mtoto. Ineza anapewa dawa yake. Mtoto wa chakula hiki apimwe, msiende kwa kubahatisha.

Nikajua nimeshinda. Mtoto anakula mezani na wenzake, bila kopo.

Kisha mwalimu wa darasa la kwanza akaniita. Akasema Ineza hali mpaka jirani yake aonje kwanza. Kila siku. Anasukuma sahani, anasubiri, anaangalia. Watoto wengine wameanza kumkimbia.

Nyumbani nikamuuliza nani kamfundisha.

"Si chakula cha Mama Zuu kilikuwa kinaua?"

"Mimi sikusema hivyo, mama."

"Sasa ulinikataza kwa nini?"

Alikuwa ametunza ile sentensi yangu miaka mitatu, na watu walimmalizia iliyobaki.

Nikaona dawa ni moja tu. Nimrudishe Gitega, ale kwa mkono wa Mama Zuu, aone.

Tulimkuta kando ya barabara, anauza maandazi. Sinia ilikuwa bado imejaa. Alitushangaa, kisha akafurahi kweli, akamshika Ineza mashavu, akasema amekuwa mrefu kama baba yake. Nikamweleza kilichotuleta. Akatuingiza ndani, akachemsha chai.

"Ya rangi," akasema. "Maziwa hapana. Maandazi haya ni maji na mafuta, yai sikuweka. Nakumbuka."

Akamimina vikombe viwili. Akanyanyua cha Ineza, akaonja, akampa. Ineza akanywa mara moja, akachukua na andazi.

Nikashusha pumzi.

Kisha akanyanyua changu. Akanitazama usoni, akaonja, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikunywa. Sijui kilikuwa na sukari au hakikuwa nayo.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Chakula cha mtoto wako ni haki yako kukichagua, na shule inaweza kukufuata bila gharama. Lakini anza na mtu anayeshika mwiko. Ukimruka, hata ukiwa na sababu nzuri, watu watamtafutia sababu nyingine, na mtoto wako ataibeba.

Wenye watoto wa lishe kama hii, nyinyi shuleni mlianzaje? Nasoma yote, hata ya kunisema.

Na kama kuna aliyewahi kumfikisha rafiki yake mahali pa kuonja tena, aniambie alimrudisha vipi.