Siku Tuliyoazima Makochi

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika dada yangu. Alinizidi miaka mitatu, na tulizaliwa wawili tu. Baada ya hitma, wageni walipoanza kuaga, nilitoka msibani Kariakoo kwa miguu nikashuka mpaka bonde la Msimbazi kuangalia tulipokulia. Nilikuta uzio wa mabati na katapila linachimba. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu.

Nikueleze palivyokuwa, ndugu yangu, maana ukipita leo hutaamini. Palikuwa na matuta ya mchicha na matembele yamepangana mpaka karibu na mto. Baba na Mama walitoka kusini kuja mjini kutafuta kibarua, na kibarua walichopata kilikuwa hicho, kulima na kumwagilia bustani za watu. Ardhi haikuwa yao, mbegu hazikuwa zao, hata keni za kumwagilia walizikabidhi kila jioni. Asubuhi mapema tulishuka nao kung'oa mchicha, tunaufunga mafungu kwa kamba za mgomba zilizolowekwa, kisha Mama anaondoka na tenga kichwani kwenda sokoni kwa mwenye bustani. Sisi tunakwenda shule. Vidole vyetu vilinuka samadi ya kuku mpaka saa nne. Mimi nilivificha chini ya dawati. Dada alinyoosha mkono juu kila swali.

Alikuwa na akili, na sisemi hivi kwa sababu amekufa. Alikuwa anabeba keni mbili huku ananirushia hesabu kutoka upande wa pili wa tuta. "Saba mara nane?" Nikikosea ananimwagia maji miguuni. "Kichwa chako hicho ni cha kubebea tenga tu!" Nilimfukuza tukicheka mpaka Baba alipopiga kelele kwamba tunakanyaga miche. Jioni tulikula ule mchicha wenye matundu uliokataliwa sokoni. Siku yenye nazi, Mama aliupika kwa nazi, na sijala mboga tamu kama ile tena.

Dada alifaulu darasa la saba. Enzi hizo sekondari ilikuwa ya kulipia, na kwetu jambo hilo halikuzungumzwa hata kidogo, kama vile hakufaulu. Ila Mwalimu wake alikuja nyumbani. Alisema kuna mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, yeye na wafanyabiashara wenzake wanasomesha watoto wa vibarua wa bustani. Wanalipa ada, sare, vitabu, mpaka kidato cha nne. Jina la Dada limeshapelekwa. Kilichobaki ni wao kuja Jumamosi kuona familia inavyoishi.

Mama alisikia neno moja tu, kwamba wageni wanakuja.

Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga, uani, chenye kitanda na mkeka. Mama alikuwa na msemo wake, "Mgeni wangu hakai chini nikiwa hai." Basi Jumamosi ile kuanzia asubuhi nilitumwa kuazima. Kwa mwenye nyumba tulichukua seti ya vikombe vyenye maua. Kwa jirani wa mbele, makochi mawili na vitambaa vyake vya kudarizi. Kwa fundi cherehani, redio kubwa ya kaseti na feni. Nyumba nzima ilibeba.

"Leo mnaoza?" fundi cherehani alitania.

"Kochi langu likirudi na doa," jirani akasema, "nyie mtalala nalo, mimi nitamchukua huyu mwanafunzi wenu anifulie."

Tulicheka. Dada alikuwa amevaa gauni la Idi la jirani, ananing'inia mlangoni kwa furaha. Mama alikaanga vitumbua. Alinishika bega akaniambia, "Ukiulizwa, usiseme tumeazima. Usinivue nguo mbele za watu." Mama huyohuyo ndiye aliyekuwa ananichapa nikisema uongo.

Walikuja wawili, yule Bibi wa vitambaa na karani mwenye faili. Bibi alikuwa mpole, amevaa sari ya rangi ya maji. Alinipa mkono, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kama watu wetu. Alikaa kwenye kochi, akapewa chai, akala vitumbua viwili, akausifu mkono wa Mama. Mama akatoka kuongeza chai. Baba alikuwa bondeni. Karani akatazama redio, akatazama feni inavyozunguka, akaniinamia.

"Binti, hivi vyote ni vya kwenu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika.

Jumatano Mwalimu alirudi. Hakukaa. Alisema nafasi wamepewa watoto wengine, kwa sababu familia yetu inajiweza. Mama alimwangalia kama mtu anayesubiri amalizie sentensi. Kisha akasema, "Inajiweza na nini?" Mwalimu akageuza macho kule ndani, kwenye mkeka. Nadhani alielewa palepale. Akasema, "Mama, nenda dukani ukaeleze mwenyewe. Mimi sitasikilizwa."

Tulikwenda kesho yake, Mama na mimi. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Kariakoo ilikuwa inapiga kelele zake, wachukuzi wanaomba njia, mtu anauza sumu ya panya kwa spika. Bibi wa vitambaa alikuwa anapima khanga, wateja wamemzunguka. Mama alijifunga upya ushungi. Alishusha mguu mmoja barabarani, akaurudisha. Tulikaa pale mpaka jua likatufikia kichwani. Wateja wakapungua, wakabaki wawili.

"Kuna watu," Mama akasema. Tukarudi nyumbani.

Ningeweza kuvuka peke yangu. Duka nililijua, na mdomo nilikuwa nao. Nimewahi kujiambia nilikuwa mtoto, lakini mtoto aliyeweza kusema ndiyo aliweza pia kuvuka barabara. Yule Bibi simlaumu. Aliwatafuta maskini akakuta makochi. Kuna wenzetu wa bondeni aliowasomesha na leo ni wauguzi, mmoja ni mwalimu. Mama naye simlaumu, ingawa kuna miaka nilijaribu. Hakujua kwamba kuna mgeni anayetakiwa kukaribishwa mkekani.

Shule zilipofunguliwa Dada alishuka bondeni na keni. Hesabu hakunirushia tena. Mimi nilifika la saba nikafeli, na hakuna aliyeshangaa. Yeye alimwagilia, akauza, akaolewa, akaachwa, akauza tena, miaka yote na magoti ndani ya maji. Figo zilipomchosha alikuwa hajafika hamsini.

Jumapili, siku moja kabla hajafa, nilimwambia. Wodini watu walikuwa wengi, nikaongea kwa sauti ya chini. Nilisema, "Dada, yule karani aliniuliza. Mimi ndiye niliyesema vitu ni vyetu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani."

Nilivuta shuka nikamfunika miguu.

"Kila shule zikifunguliwa nilikuwa nakuchukia," akasema. "Wiki moja, mbili. Halafu inaisha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuja kwangu. Nani angenibebea tenga?" Alitaka kucheka, kifua kikamkatalia. Akafumba macho. Nilidhani amelala, kumbe anafikiri. Akasema, "Kemia. Nilikuwa nataka kujua kemia ni kitu gani." Kisha akaniambia mdomo mchungu, nikamnunulie chungwa.

Nilitoka. Machungwa ya karibu na geti yalikuwa yamekauka, nikavuka kwa muuzaji mwingine, nikachagua matatu, akanimenyea. Niliporudi muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umeisha. Nilimwomba mlinzi. Akasema, "Mama yangu, nikikuruhusu wewe nitawaruhusu wote. Njoo kesho." Muuguzi mmoja alikuwa anaingia zamu. Nikampa mfuko, nikamtajia jina la Dada na namba ya kitanda. Akasema atampelekea.