Mipira ya Eliya Ilipoacha Kuvuka Ua

Sisi tuliofika Fort Worth tukiwa wadogo, kutoka kambi ya wakimbizi moja kwa moja hadi kwenye zile apatimenti za matofali mekundu, hatukuwa na simu za kuchezea. Tulikuwa na uwanja nyuma ya kanisa, magongo ya kuazima na glavu zilizonuka jasho la watoto wengine. Soka tuliijua tangu kambini. Besiboli tulifundishwa na mzee mmoja Mmarekani wa kanisa lile, aliyetukatia tikiti maji kila Jumamosi na kuyatamka majina yetu ovyo bila aibu.

Kaka yangu Eliya ndiye aliyekuwa fahari yetu. Alipoupiga mpira, ulilia kama ukuni mkavu unaopasuliwa, ukavuka ua na kwenda kuanguka kwenye matairi ya gereji ya jirani. Mama zetu walikuja kutoka kazini kwenye maghala wakiwa bado na viatu vya kazi. Hawakujua sheria hata moja ya mchezo. Walijua tu kwamba Eliya akipiga, Wazungu wanasimama.

Kando yao alikaa Mama Neema, mjane wa mlango uliotazamana na wetu. Alikuwa akifuma vitambaa, midomo ikicheza kwa kuhesabu vishono. Mama zetu wakiwa kazini, yeye ndiye aliyetulisha bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, watoto wa jengo zima, sinia moja. Ukisahau kunawa alikuchapa kofi la mgongo, na mama yako akisikia alikuongezea la pili. Watoto wa leo ukiwagusa wanakusomea haki zao kwa Kiingereza.

Eliya alipoanza kuota ndevu, mipira yake iliacha kuvuka ua. Kwanza tulisema amechoka. Mama akamwongezea nyama. Baba akashuku kuna msichana. Kisha akawa anapiga hewa tupu. Siku moja mama alisimama karibu na wavu akaona kwa macho yake: mpira wa kijana mmoja wa timu ya Grand Prairie ulikuja umenyooka, halafu mbele ya gongo la Eliya ukapinda na kushuka, kama unavutwa na uzi.

Kwetu mpira haupindi hivihivi. Hata kambini, timu ikifungwa ovyo, watu walichimba golini kutafuta kilichozikwa.  Macho ya kina mama yakaanza kutembea, yakatua kwenye midomo ya Mama Neema.

"Anahesabuka nini huyu, kila Eliya akishika gongo?" mama aliuliza.



Tukakatazwa kula kwake. Mchungaji akatangaza maombi na kufunga kwa ajili ya Eliya, na Eliya akafunga kweli, akaingia uwanjani na tumbo tupu. Siku hiyo mpira wake haukufika hata nusu ya uwanja. Kina mama wakatazamana. Yule mzee Mmarekani alijaribu kueleza. Alionyesha jinsi vidole vinavyoushika mpira ili upinde, akasema vijana wote hukutana nao wakifika umri ule, ni suala la kujifunza tu. Eliya akamtafsiria mama.

"Huyu muzee muzungu atajua nini mambo ya kwetu?" mama akasema.

Mama Neema hakuacha kuja. Alikaa palepale, viti vya pande zake zote mbili vikiwa vitupu. Jioni moja walikutana na mama kwenye ngazi.

"Mama Eliya," alimwambia, "ningekuwa na dawa ya kupindisha vitu, ningepindisha ile risasi yenye iliua bwana yangu."

Mama aliingia ndani, akafunga mlango taratibu. Kabla mwaka haujaisha, Mama Neema alihamia Houston kwa mpwa wake.

Tulimzika hukohuko Houston, mwezi uliopita. Eliya siku hizi anaendesha lori na goti linamsumbua. Alisimama msibani, akasema mbele ya watu wote kwamba mipira ile ilipinda kwa sababu yule kijana wa Grand Prairie alijua kuitupa, na yeye hakujua kuipiga. Watu wakaitika amina. Mama akaniinamia sikioni.

"Lakini tuliona," akasema.

Nilimtazama. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa akimlilia Mama Neema machozi ya kweli, na bado alimshuku.

Sasa nampeleka binti yangu kucheza. Watoto hawa hawashangai kitu. Mpira ukipinda wanakurudishia video kwenye simu, pole pole, wakuonyeshe unavyozunguka. Sisi wazazi tunakaa kwenye magari yetu, vioo vimepandishwa, viyoyozi vinanguruma. Hakuna anayemshuku mwenzake. Kuna mama mmoja ambaye gari lake lilikuwa halikosi pale karibu na lango. Majuma kadhaa sasa halionekani. Nilishuka nikauliza gari hadi gari kama yuko mzima. Watu walikuwa wapole, walishusha vioo, wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake.