Kibati Namba Tano

Kaka yangu ni fundi bati. Miaka thelathini na miwili amekaa kwenye kigoda kilekile, chini ya paa linalovuja, maana paa la fundi bati lisipovuja watu watasema hana wateja. Anakata, anakunja, anagonga. Majiko, faneli, ndoo za kumwagilia bustani, mifereji ya mvua. Sikio lake la kushoto limeshakufa kwa kelele za nyundo, na la kulia hulitumia akitaka. Ukimuuliza jambo asilolipenda, anakugeuzia la kushoto.

Mimi nauza sabuni ya maji kwa kupima. Kibanda changu kimeegemea chake, kwa hiyo kelele zake nimezila kuliko chakula. Kumsifia ndugu yangu sina nguvu, nimechoka. Nataka tu habari ya vibati ielezwe sawasawa, mbali na masikio ya mama, kwa sababu mtaani inasimuliwa vibaya, na kosa ni langu.

Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Zamani foleni yake ilikuwa ya mawe. Mtu alifika alfajiri, akaweka jiwe lake mlangoni, akaenda zake. Wengine waliweka kandambili, chupa, kifuniko cha sufuria. Saa mbili mlango ukifunguliwa unakuta mstari mrefu wa takataka na watu wawili nyuma yake, na hao wawili wanaambiwa wametanguliwa na watu arobaini. Mwashi mmoja aliweka matofali manne, akasema ni ya familia. Na mwenye misuli alipiga teke jiwe la asiye na misuli, basi, foleni imeshapangwa upya.

Siku moja kaka alikuwa juu ya ngazi anaziba mfereji wa zahanati, akaona mama mwenye mtoto mgongoni anazabwa kofi kwa ajili ya kandambili. Alishuka, akaenda moja kwa moja kwa mganga mkuu.

"Yale makopo ya maziwa ya unga mnayoyatupa, nipe mimi," alimwambia. "Nitakutengenezea namba."

Akatengeneza vibati sitini vya duara, kila kimoja na namba yake iliyogongwa kwa patasi ndogo. Akatengeneza na ubao wa kuvitundikia, kila namba misumari miwili. Mlinzi anavigawa getini asubuhi kwa jinsi watu wanavyofika. Mgonjwa anakaa popote penye kivuli, akiitwa anakabidhi kibati chake kwa nesi, nesi anakitundika, mtu anaingia kutibiwa. Jambo dogo hivyo. Mawe yalirudi barabarani, na kofi sikulisikia tena. Wakubwa walikuwa wametuletea matangazo ya kutuomba tuwe wastaarabu, yamebandikwa ukuta mzima, hayakusaidia kitu. Makopo ya maziwa yalisaidia.

Ila vibati havikumsaidia mama yetu.

Mama ana kidonda mguuni, cha sukari, na hufungwa bandeji mpya mara tatu kwa wiki. Kutembea kutoka nyumbani hadi getini ni safari ya saa nzima, na mimi ndiye fimbo yake. Tukifika, mlinzi anatupa hamsini na kitu. Basi tunakaa. Nauweka mguu wake mapajani kwangu usivimbe, naufukuzia nzi kwa kitambaa, sabuni yangu haiuzwi, jua linatufuata kutoka benchi hili hadi lile. Saa saba, saa nane. Mama halalamiki. Anauliza tu, "Wamefika ngapi?" Namwambia thelathini na moja. Baada ya muda anauliza tena. Thelathini na mbili.

Nilimwendea kaka.

"Kaka, mgonge mama kimoja. Namba tano tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe ni mtu mmoja."

"Nikigonga kimoja cha pembeni, vile sitini vyote ni makopo ya maziwa tena." Akanigeuzia sikio la kushoto.

"Mama yako anaungua jua kwa namba zako mwenyewe!" nikapiga kelele. "Watu wa mtaa mzima umewawekea utaratibu, aliyekuzaa umemwekea foleni!"

Aliendelea kugonga. Naapa aligonga kwa nguvu zaidi.

Siku iliyofuata alikwenda kununua bati. Mimi nikaingia karakanani kwake, nikachukua mkasi wake na kipande cha kopo, nikakata duara. Mviringo wake ulifanana na kiazi, nikaupunguza, ukafanana na kiazi kidogo. Nikagonga tano. Nyundo ilinipata kidole gumba, nikaona nyota mchana. Halafu nikatoboa matundu mawili kwa msumari, juu kidogo, kama nilivyoyaona kwenye vile vyake.

Jioni nikampa mama. "Kaka kakuletea."

Mama alikishika kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nilijua atanikumbuka. Ana mambo mengi tu, mwanangu." Akakifunga kwenye ncha ya kanga.

Kesho yake tulipita getini mama akikionyesha kibati chake kama mtu mwenye cheo. Mlinzi alikuwa anagawa vyake, hakututazama mara mbili. Nesi wetu tunamwita Sista Haraka, kwa sababu hatujawahi kumwona akiharakisha. Alipoita tano, mama alishaufikia mlango.

Sista akachukua kibati, akakitundika. Hakikukaa. Akakigeuza. Hakikukaa. Akakisukuma kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Bibi, kibati chako hakikai."

Hapo ndipo nilipojua ujanja wa kaka yangu. Misumari ya ule ubao aliipigilia kwa jicho, bila rula, makusudi, ili pasiwe na jozi mbili zinazolingana. Halafu kila kibati alikilaza juu ya misumari yake mwenyewe, akakigonga kipate alama, akatoboa palepale. Tano ya kweli inakaa kwenye misumari ya tano tu. Mimi nilidhani matundu ni matundu.

Na tano ya kweli ikasimama nyuma yetu. Alikuwa kijana mwenye mkono wa plasta.

"Tano ni mimi," alisema. "Huyu bibi tano yake katoa wapi?"

"Kanipa mwanangu," mama akasema kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Fundi mwenyewe."

Loo! Uwanja mzima ulisimama, hata wale waliosema miguu haiwabebi.

"Kumbe ndiyo maana!" mmoja akasema. "Vibati vya ukoo!"

"Na shangazi yake yuko namba ngapi?"

"Sisi tunakuja na nyota, wenzetu wametengenezewa namba nyumbani!"

Mama akawageukia, fimbo juu. "Mnamsema mwanangu kwa kunikumbuka? Mnataka anikumbuke nikiwa kaburini? Ninyi wenu wako wapi, mbona mmekuja peke yenu?"

Kila neno lake lilikuwa msumari mwingine kwa kaka. Nilitaka kusema. Mdomo huu unaojulikana mtaa mzima ulikataa kufunguka.

Mlinzi alivuka barabara kumwita. Kaka akaja na aproni yake ya ngozi, akakipokea kibati. Alikitazama kile kiazi changu. Akaipapasa ile tano iliyolala upande kama mlevi. Kisha akanitazama, kwanza usoni, halafu kidole gumba, kilichofungwa kitambaa. Mganga mkuu alikuwa ametoka, anangoja jibu.

"Hiki nimekikosea mimi," kaka akasema.

"Umekikosea, au umekitengeneza?"

"Kosa ni langu, mzee. Mama apewe namba ya mwisho."

Tukakaa hadi saa tisa. Kaka alikaa nasi, karakana imefungwa, mguu wa mama mapajani kwake badala ya kwangu. Watu walipita wakimtazama. Mama alikuwa anampigapiga begani. "Usijali maneno ya watu, baba. Wewe umefanya la mtoto kwa mama yake."

Mganga mkuu alivikusanya vibati vyote ndani ya ndoo, akasema vipumzike kwanza. Kesho yake mawe yalikuwa mlangoni. Wiki ile kandambili ya mzee mmoja ilitupwa mtaroni, akaitafuta kwa magoti, na mwashi akarudi na matofali yake. Na kwa kaka, watu waliokuja kununua faneli waliigeuzageuza na kuuliza, "Hii ni ya kwangu peke yangu, au ina pacha nyumbani?" Walicheka. Yeye aliwafungia faneli zao na kuwashukuru. Miaka thelathini na miwili hakuna aliyewahi kumrudishia kitu kwa kukosewa kipimo.

Siku ya nne aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Kidole kinaendeleaje?"

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kaka, nitakwenda kuwaambia. Leo hii."

"Ukisema, mama atajua sikumpa."

"Lakini hukumpa!"

"Ndiyo." Akapuliza unga wa kutu kwenye patasi. "Sasa anajua kwamba nilimpa. Unataka umnyang'anye?"

Nikainuka, nikarudi kwenye sabuni yangu. Mimi, niliyewahi kumjibu hata mchungaji.

Wiki ya pili alikwenda kwa mganga mkuu kuomba kitu kimoja: avifanye vibati upya, lakini barazani pa zahanati, mchana, mbele ya wagonjwa. Alikubaliwa, nadhani kwa sababu mganga naye alikuwa amechoka kuamua kesi za mawe. Kaka akavuka na kigoda chake. Akaing'oa misumari yote mia na ishirini, akaipigilia upya kwa jicho. Vibati vya zamani akaviponda kimoja kimoja, kila kimoja akimpa aliye karibu athibitishe kimekufa. Mimi nilimshikia mabati, kidole kikiwa bado cheusi. Kijana wa plasta ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alihesabu kila duara lililokatwa, na vipande vilivyobaki akavikalia.

"Hata hiki kidogo?" kaka akamwuliza.

"Hata hicho. Mama yako anaweza kukipenda."

Watu wakacheka, na kaka akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile.

Siku ya pili ya kazi hiyo nilimrudia kaka kwa habari ya mama, kwa sauti ya chini safari hii, nikataja na wenye vidonda wengine na wajawazito.

"Hiyo si kazi ya fundi," alisema. "Mimi sijui nani anaumia zaidi. Mwambie mwenye macho ya kutazama kidonda."

Nikamwendea Sista Haraka. Alinisikiliza akiwa anakunja bandeji.

"Kwa hiyo nisimame getini saa moja asubuhi, nichague?"

"Dakika kumi tu, sista."

"Na wakinitukana?"

"Watakutukana. Mimi nitakuwepo, nitakusaidia kujibu."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Hilo naliamini," akasema.

Ilichukua wiki tatu na barua mbili za mganga mkuu, lakini ikawa. Kaka alikata vibati kumi vya pembe tatu. Sista anavigawa mwenyewe getini kwa asiyeweza kukaa, na kila baada ya wa duara watatu anaitwa mmoja wa pembe tatu. Wapo wanaochechemea ghafla wakimwona Sista. Anawaambia watembee tena, vizuri zaidi, na wanatembea. Matusi yapo. Sisi wa pembe tatu nasi tunangoja, saa nne au saa tano tunatoka. Benchi bado ni lilelile na dawa bado zinakwisha Alhamisi.

Asubuhi ile ya kwanza mama alipewa pembe tatu namba mbili. Kaka alikuwa pale, ananyoosha msumari mmoja uliopinda. Mama akakigeuza kibati mkononi, akakipima, akakisogeza mbali na macho.

"Hiki kina ncha," akasema. "Kitanitobolea kanga. Kile cha kwanza ulichonipa ndicho kilikuwa kizuri."

Kaka alinitazama kidole.

"Ndiyo, mama," akasema, akaendelea na msumari wake.