Ukili wa Zuhura

Wasichana wenzangu mliokulia Marui wakati wa Mwingereza mtanielewa. Midoli ya dukani hatukuijua. Tulikuwa na ukindu, majani ya mkindu ya kusukia. Jua likipungua makali na kisamvu kikiwa jikoni kinatokota, tulikusanyika uani kwa bibi, vidole vyekundu kwa rangi ya kuchovya, midomo imejaa muhogo wa kuchoma. Kila mmoja alisuka ukili wake, ule utepe mwembamba, na tepe zikitosha zilishonwa pamoja zikawa mkeka.

Pale uani palikuwa na desturi. Msichana akiwaza nakshi mpya, alisuka kipande kifupi tu, tena kibaya, akakitupa katikati yetu. Yeyote aliruhusiwa kukiokota, akafumua, akaongeza lake, kisha akamrushia mwingine. Hakuna aliyenuna.

Zuhura, binti wa mama yangu mkubwa, aliletwa kwetu kutoka Vihingo. Vidole vyake vilikuwa vizito kama michi. Mimi nilimzidi mbali, hata mama alisema hivyo mbele ya watu. Lakini Zuhura hakuwa na haya. Ataurusha ukili wake uliopinda na kusema, "Jamani, nataka kitu kama mgongo wa kenge, ila nimekwama. Nani atanikwamua?" Basi wote wanamwinamia yeye, kicheko juu ya kicheko, na mimi na ukili wangu ulionyooka hakuna anayenitupia jicho. Nilimwonea wivu mpaka muhogo ukanishinda kumeza.

Shangazi Mwajuma akaposwa na mtu wa Kibaha. Bibi akatangaza kwamba atachagua mkeka wa chumba cha bibi harusi kutoka kwetu, na mwenye nakshi yake atafuatana na bibi harusi hadi Kibaha. Kibaha! Sisi ambao safari yetu ndefu ilikuwa kwenda gulioni Kisarawe. Usingizi ulinipaa.

Nikajifungia chumba cha ndani na ukindu wangu. Mama alinigongea mlango. "We Asha, ukindu unasukwa uani na wenzio. Umeiba, hata unajificha nao?"

"Nikimaliza mtauona, mama."

Nikiwa humo ndani niliwasikia. Mwenzetu Tatu alitaka mistari myeupe iachwe wazi. Mwingine aitwaye Mgeni, mdogo kuliko wote, akakosea na kusuka kinyume, akaanza kulia. Zuhura akapiga kelele, "Usifumue! Hebu tazameni, kenge anatembea!" Uani kukalipuka vigelegele. Mimi nilikuwa nimekosea pia siku ile, nikafumua peke yangu kimyakimya.

Siku ya kuchagua, bibi alitandika mikeka miwili. Akapitisha kiganja juu ya wangu, hakukuta hata jani lililochomoza. "Mkono huu umebarikiwa," alisema, nami moyoni nikaanza kukunja kanga za safari. Halafu akageukia ule mwingine. Wasichana wote wakauangukia, huyu anaonyesha hapa ni pake, yule anabisha, Mgeni kakalia pale alipokosea hataki kunyanyuka. Shangazi Mwajuma, aliyekuwa kimya tangu aposwe, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nakshi hii ya nani?" bibi akauliza.

"Yetu," Zuhura akasema.

"Haya, nendeni wote."

Wakaenda wote. Zuhura alinishika mkono, "Twende, dada," nikauchomoa. Nilibaki Marui na kuku, nikisikia nyimbo za harusi zikififia barabarani.

Siku hizi wajukuu wangu hata hawajui ukili ni nini. Ukitaja ukindu wanadhani ni jina la mtu. Kila mmoja yuko chumbani na simu yake, ana jambo analibuni, na ukimuuliza anafunika kioo kwa kiganja: "Nikimaliza utaona, bibi. Wenzangu wasije wakaniibia." Enzi zetu wazo lilikuwa la uani, kama maji ya mtungi, kila mtu alichota. Nawacheka wajukuu hao, ingawa najua wamerithi kwa nani.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Kibaha kumwona Zuhura, maana huko ndiko anakoishi siku hizi. Amezeeka kama mimi, na vidole vyake ni vilevile. Uani kwake palikuwa na wanawake wamejaa, nikakaribishwa chai ya mchaichai, na punde akanirushia mapajani kipande cha ukili, kibaya, kimepinda. "Nimekwama, dada."

Nilipokitazama tu nilijua wekundu upite wapi. Nilikigeuza, nikakigeuza tena. Nilitaka kwanza nikakipime nyumbani, niwe na hakika. Binti wa jirani akakinyakua mkononi mwangu, akasema wekundu upite palepale nilipopafikiria mimi, na wote wakamwinamia.

Nikamalizia chai yangu. Ilikuwa tamu, na nilikuwa naona wivu kama mtoto wa miaka tisa.