Mwethya wa Kubonyeza Simu

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Lakini mzinga nikichonga, hata nyuki wa jirani wanafunga mizigo. Hapa Kivaa nimechonga mizinga mingi, ukizipanga moja nyuma ya ingine zinafika Mombasa na zingine zibaki. Bibi yangu akisikia hivyo anasema, "Toa Mombasa, weka hapo sokoni." Sawa, sokoni.

Msichana wetu wa kwanza alipewa jina la mama yangu, kama kawaida yetu Wakamba. Kwa hivyo tangu azaliwe namwita mwaitu, mama yangu, na yeye ananiita nau, baba. Hata akiwa na miezi mbili, akinikojolea, nilikuwa namwambia, "Pole, mwaitu." Ndio mtu pekee dunia hii anaweza kunituma maji nikiwa nimekaa, na niende.

Huyu mwaitu alikuwa na kazi ya ofisi, anaishi Syokimau. Akaiacha. Ati anataka kutengenezea wenye biashara ndogo tovuti, ndio watu wawapate kwa mtandao. Mama yake alilia kidogo. Mimi nikasema wacha ajaribu, na aanze na mimi. Akapiga mizinga yangu picha, akaweka namba ya simu, na ramani inakuleta mpaka kwa mlango ya karakana.

Simu yangu iko na kale kapicha ka maiki. Unabonyeza, unaongea, inakutafutia. Nikaiambia, "Mizinga ya nyuki." Ikaniletea mimi, hapo juu kabisa! Nikaiambia tena. Mimi! Siku hiyo nilijitafuta mara mia mbili, simu ikapata moto ungeweza kuchomea mahindi. Nikashuka soko nikatangaza kwamba dunia nzima, kwa mambo ya mizinga, ni mimi nafungua mlango.

Jirani yangu anauza mbuzi na anapenda kuharibia watu sherehe. Akatoa simu yake akauliza maneno ile ile. Tukaona mzungu amevaa neti. Tukaona duka ya Nairobi. Tukaona dubu akiiba asali. Mimi sikuwa hapo.

"Labda uko nyuma ya dubu," jirani akasema.

Tulishuka na kidole mpaka kucha ikaisha. Nyuma ya dubu kulikuwa na dubu mwingine.

Nikampigia mwaitu. Alicheka kwanza. "Nau, hiyo simu imekuzoea tu, inakuonyesha kitu unapenda. Mtu hakujui ndio anafaa akupate." Halafu sauti yake ikashuka. Kuna akina mama wa Mitaboni, kikundi ya asali. Walikuwa wanataka awatengenezee tovuti, na hiyo ndio ingekuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Lakini mwenyekiti wao alikuwa amemwambia, "Kwanza nitakuja kwa baba yako, nitoe simu yangu mwenyewe, nione kama anapatikana."

"Na ikikataa?" nikauliza.

"Ikikataa, Nau, naenda kuomba ile kazi niliacha. Kama bado iko."

Hiyo maneno ilinikalia kwa kifua. Usiku nikageuka mpaka bibi yangu akahamia kwa kiti.

Sasa, sisi kazi ikishinda mtu mmoja tunaita mwethya. Majirani wanakuja na majembe, wanachimba matuta wakiimba, unawapikia, kesho mnaenda kwa mwingine. Nikafikiri, kama mwethya inachimba mlima mzima, mtandao ni nini? Nikawaita. Nikawaambia leo wacheni jembe nyumbani, kujeni na simu.

Walikuja watu zaidi ya ishirini, simu kumi na moja. Bibi yangu akapika sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe. Mimi nikasimama juu ya gogo kama mbunge. "Kila mtu atafute, abonyeze, aweke nyota tano, aandike sifa. Hakuna simu? Sema, mwenzako aandike!"

Kiongozi akaanza wimbo. "Bonyeza!" Wengine, "Tumebonyeza!"

"Andika nilinunua mzinga moja nikajenga nyumba ya mawe," mama mmoja akasema.

"Si nyumba yako ni ya matope?"

"Kwani mtandao imewahi kuja kwangu kunywa chai?"

Mwingine akasema, "Andika asali yake iliponya bwana yangu mgongo."

"Na mdomo?"

"Mdomo hata nyuki waliogopa."

Kufika jioni nilikuwa na sifa kumi na moja, kila simu na yake. Nililala kama chifu.

Siku ya tatu nikaiambia simu, "Mizinga ya nyuki." Sikuwa. Hata simu yangu mwenyewe, ile ilikuwa inanipenda! Kwa ramani, mahali pa karakana palikuwa nyasi tupu. Kabla nitoke nje nione kama mabati bado iko, mwaitu akapiga.

"Nau, ni nani hawa watu kumi na moja wamekusifu alasiri moja, wote kutoka mahali pamoja?"

"Ni mwethya," nikasema.

Akakata simu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi akakuja. Mama yake alishanipatia yangu, "Umeharibia mtoto kazi na isyo yangu," kwa hivyo nilikuwa nimekaa kwa karakana nikijifanya nanoa shoka. Ilinolewa hiyo shoka mpaka ikabaki kisu. Mwaitu akakaa kwa gogo karibu na mimi. Macho yalikuwa mekundu.

"Hiyo mashine imeona ni ujanja," akasema. "Imetoa sifa zote, ikakutoa na wewe kwa ramani. Nimewaandikia wenye ramani nikaomba msamaha. Sijui kama watakubali, na akina mama wanakuja mwezi ujao."

"Mwaitu, nilitaka tu kukusaidia."

"Najua, Nau." Akachukua kipande ya mbao akaiangalia. "Umewahi kushika nyuki mmoja mmoja ukaingiza kwa mzinga?"

"Hapana! Utaumwa mpaka kichwa ifanane na malenge."

"Sasa unafanya nini?"

"Napaka nta ndani. Natundika kwa kivuli, maji iwe karibu. Watanusa, watakuja wenyewe."

Akaniangalia. Mimi kusoma sijui, lakini hiyo nilisoma.

"Na nta ya mtandao ni gani?" nikauliza.

"Mtu hatafuti fundi bora wa dunia. Anatafuta shida yake. Watu wakikupigia simu huwa wanauliza nini?"

Hapo sasa aligusa mimi! Wanauliza mbona mzinga mpya imekaa miezi tatu bila nyuki. Wanauliza mbona nyuki wamehama, siafu wanazuiwa aje, na mzinga iangalie upande gani. Akaweka simu irekodi. Siku mbili nilichonga nikiongea, yeye akiandika maneno yangu vile natoa. Shida ilikuwa moja tu.

"Mzinga mzuri unaingia nyuki milioni tatu," nikasema.

"Nau."

"Laki tano."

"Nau!"

Tukaangukia "maelfu". Kusema ukweli siku mbili mfululizo ilinipatia maumivu ya kichwa, bibi yangu akanichemshia dawa. Mwaitu akarudi Syokimau na maneno yangu yote kwa mkoba, aende kuyaweka kwa tovuti.

Wiki moja ikapita, kimya. Wiki mbili, kimya. Nilikuwa nimekatazwa kujitafuta, kwa hivyo nilikuwa naangalia simu tu vile unaangalia mzinga tupu. Halafu siku moja ikalia, namba sijui. Mwalimu fulani kutoka upande wa Kitui.

"Ni wewe wa mizinga?"

"Ni mimi. Nani amekuambia juu yangu?"

"Hakuna mtu. Niliuliza kwa simu mbona nyuki wangu wamehama, nikakupata."

Nilikimbia kuambia bibi yangu nikasahau mwalimu bado yuko kwa laini. Nikampigia mwaitu, nikamwambia.

"Rudia, Nau. Alisema aje?"

Nikarudia mara nne, na naapa sikuongeza kitu.

Akina mama wa Mitaboni walifika watano. Mwenyekiti hakutaka chai kwanza. Akatoa simu yake, akavaa miwani, na akaandika mwenyewe, hakuambiwa na mtu: mzinga mpya hauna nyuki. Mwaitu alikuwa amesimama nyuma yake ameshika mikono. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu asubuhi.

Mwenyekiti akapita mzungu wa neti. Akasimama. Akaanza kusoma kwa sauti, pole pole.

"Usiwalaumu nyuki. Hata wewe huwezi lala kwa nyumba inanuka mbao mbichi. Pitisha moshi, paka nta ya zamani..."

Yalikuwa maneno yangu. Sikuhitaji kusoma, niliyajua vile unajua mbuzi wako akikohoa kwa boma ya wengine. Mama akaendelea mpaka mahali akasimama, akaangalia juu ya miwani, akasoma tena: "Na mzinga wa mbao ngumu ya mukau ukianguka kutoka kwa mti, usiangalie mzinga. Angalia kama ardhi imeumia."

Wakacheka wote watano mpaka mmoja akashikilia ukuta. Nikageukia mwaitu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Huyu mtoto alifagia uongo wangu yote, lakini hiyo moja aliniachia.

"Msichana," mwenyekiti akasema akipangusa macho, "unaanza na sisi Jumatatu. Na hii mti ya mukau, mtuonyeshe."

Mwaitu akageuka upande wangu, nilikuwa nimekaa vizuri kwa gogo langu, mguu juu ya mguu.

"Nau," akasema, sauti inatetemeka, "letea wageni maji."

Nikainuka.